UKUMBI WA KAZI: Maji ni Mzigo



Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja wa Mabela, nasi tumeona tuijibu hadharani, kwa kuwa hayo yaliyomfika yaweza kuifika nyumba yoyote miongoni mwetu. Aeleza kwamba mwanawe wa kwanza, baada ya kusafisha madirisha miaka mitatu chini ya kampuni ya watu, sasa ameungana na mjomba wake ambaye ni raia na mwenye leseni ya biashara. Karatasi za kijana zimehamishwa kwa njia ya sheria, na vani imekwisha patikana. Juma lililopita akarudi nyumbani na tangi la plastiki la lita 1000 lililomo ndani ya kizimba cha chuma, lile la mraba ambalo viwanda huletewa dawa. Akalisimamisha nyuma ya kiti cha dereva, akalifunga kwa kamba mbili. "Nilipomwuliza," aandika mama huyo, "alinijibu kwamba maji si chuma, hayamuumizi mtu. Je, nanyi mwasemaje?"

Bibi, sisi twasema kwamba mashaka yako ni ya haki, na kwamba mwanao hakukosea kutaka maji garini. Amekosea kuyadhani mepesi. Tutayaeleza yote mawili kwa utaratibu.

KWA NINI MAJI YAWEMO GARINI

Majengo mengi ya Maskati ya leo yana kioo kingi. Kioo cha orofa ya tatu, kwa desturi ya zamani, kilisafishwa na mtu aliyepanda ngazi, au aliyesimama ukingoni mwa dirisha, mkono mmoja ukishika fremu na mwingine ukishika kitambaa. Hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji mwisho wa baadhi ya kazi hizo.

Siku hizi kuna njia nyingine. Mfanyakazi husimama chini, ameshika mti mrefu wa kuunganisha vipande, ambao sisi watu wa pwani twaweza kuuita upondo, kwani wafanana na ule wa kusukumia mashua. Ndani yake wapita mpira mwembamba wa maji hadi kwenye brashi iliyo kileleni. Brashi husugua vumbi, maji huliteremsha, kisha kioo huachwa kijikaukie chenyewe bila sabuni wala kitambaa. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba miguu ya mtu haiondoki ardhini. Tahadhari yake kubwa ni nyaya za umeme, maana upondo wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na maji yaliyomo ndani yake hayapunguzi hatari. Kabla ya kuuinua, tazama juu.

Basi kioo kinachojikaukia chenyewe chataka maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba ya Maskati kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni, kisha yakarudishiwa madini kidogo ili yafae kunywewa na yasile mabomba. Ni mema kwa kunywa na kupikia. Lakini yakikauka juu ya kioo cha moto, madini hayo hubaki kama madoa meupe, na mteja atasema hukufanya kazi. Kwa hiyo maji ya kazi hii hutengenezwa nyumbani au karakanani, kisha hubebwa. Hapo ndipo vani inapogeuka kuwa kisima kinachotembea, na ndipo matatizo yanapoanza.

LILILOMPATA MWANDISHI

Niruhusuni niseme langu. Mwezi wa Juni mwaka 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga pwani ya Oman, mabomba mengi ya Maskati yalikauka kwa siku kadhaa. Nilikuwa na vani ya kuazima. Nikatia mapipa manne ya lita 200 kila moja, nikayafunga kwa kamba ya katani, nikawa nachotea majirani maji. Mpwa wangu, kijana wa miaka 15, alikaa kando yangu. Nilijiona mtu mwema, na nadhani nilikuwa hivyo. Lakini wema haufungi pipa.

Kwenye mteremko wa kuingia Ruwi gari la mbele yetu lilisimama ghafla. Nilikanyaga breki, na vani ikatii. Mapipa hayakutii. Kamba ilikatika kwa mlio mmoja kama wa uzi, pipa la kwanza likakipinda kiti cha mpwa wangu, la pili likalisukuma la kwanza. Hatukugonga mtu wala gari. Hata hivyo mfupa wa mtulinga wa kijana yule ulivunjika, na laiti mwendo wetu ungekuwa mkubwa zaidi, mngekuwa mwasoma ukurasa wa mtu mwingine.

HESABU AMBAYO KILA DEREVA AIPIGE

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu hii ni nyepesi, lakini husahauliwa kwa sababu twayaona maji yakimiminika. Lita 1000 ni tani nzima, na tangi tupu pamoja na kizimba chake huongeza kilo 60 hivi. Vani nyingi ndogo hazikuundwa kubeba uzito huo hata zikiwa hazina dereva.

Kila gari limeandikiwa uzito wake wa juu, na katika vani nyingi kibati hicho kipo mlangoni au chini ya boneti. Toa humo uzito wa gari tupu, utapata mzigo unaoruhusiwa. Tuseme ni kilo 750. Watu wawili ni kilo 150. Mipira, pondo, betri na vyombo ni kilo 120. Tangi tupu na fremu yake ni kilo 60. Jumla ni 330, na zilizobaki ni 420. Kwa hiyo gari hilo ni la tangi la lita 400, wala si zaidi.

Mwanao atasema lita 400 hazitoshi. Ajaribu hesabu ya pili. Brashi moja yatumia kama lita moja na nusu kwa dakika maji yakiwa wazi. Lita 400 zatoa maji mfululizo kwa zaidi ya saa 4 na dakika 20, na hakuna mfanyakazi anayeacha maji wazi mfululizo, kwa kuwa kuna kuhama, kuhamisha mpira, kuzungumza na mwenye nyumba na kupumzika. Kwa brashi moja, hiyo ni kazi ya kutwa.

Hesabu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta husimama ndani ya umbali wa nusu mita hivi. Kilichomo ndani hakikuugonga ukuta huo, kwa hiyo chaendelea na mwendo wake uleule mpaka kitu kikizuie. Kukisimamisha ndani ya nusu mita kwahitaji nguvu iliyo karibu mara 20 ya uzito wake. Lita 400 zilizokuwa kilo 400 hapo zilipotulia, kwa dakika hiyo zasukuma kama tani 8. Kati ya tani hizo na uti wa mgongo wa dereva pana godoro la kiti na kamba mbili.

Ndiyo maana twasema maji ni mzigo kwanza, kisha ndiyo yawe chombo cha kazi. Mafundi wetu wameikimbia hatari ya kuanguka. Wasiikimbilie hatari ya kupondwa.

NAMNA YA KULIWEKA TANGI

Kwanza, chagua tangi pana na fupi kuliko refu na jembamba, ili uzito ukae chini. Liwe na kuta za ndani zenye matundu, ambazo huyazuia maji yasikimbie yote upande mmoja. Tangi lililojaa nusu bila kuta hizo huliyumbisha gari kwenye kona hata kama limefungwa barabara.

Pili, liwekwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma au juu yake. Likiwekwa mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii vizuri.

Tatu, lishikwe na fremu ya chuma iliyopitishwa bolti hadi chini ya sakafu, zikakutane na chasisi au na mabamba manene ya chuma yanayosambaza nguvu. Skurubu zilizokaza bati tupu la sakafu hazifai. Bati litachanika kama karatasi. Mikanda ya kukazia ni nyongeza ya fremu, haishiki mahali pake. Anayeweza kununua fremu iliyokwisha jaribiwa kwa kugongeshwa, na ainunue. Asiyeweza, ampelekee kazi mchomeleaji mwenye ujuzi wa magari, na wapige hesabu pamoja kwa tani, wasiipige kwa kilo.

Nne, kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari utazame. Huko hupita mabomba ya breki na ya mafuta, na wako waliotoboa kwanza wakatazama baadaye. Yafaa pia kuuliza kwenye ofisi za leseni za magari za Polisi ya Oman ni mabadiliko gani yanayoruhusiwa, ili gari lisikataliwe siku ya ukaguzi.

Tano, pawepo ukuta wa chuma kati ya mzigo na watu. Na juu ya yote, dereva ajifunze upya kuendesha. Gari lililojaa maji huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na barabara zetu za mwendo wa kasi hazimsamehe anayelisahau hilo.

PAMPU NA BETRI

Pampu ya kazi hii ni ndogo, ya volti 12, na hufanya kazi kimya. Usiiunge kwenye betri ya kuwashia gari, usije ukabaki kwa mteja gari haliwaki. Weka betri ya pili, ya aina inayovumilia kutumiwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Betri ya saa-ampea 100 ikitumiwa nusu tu, na pampu ikila ampea 6, yaendesha kazi kwa saa 8. Ukiimaliza kabisa kila siku, maisha yake yatakuwa mafupi, na joto la hapa huyafupisha zaidi.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu waya uliochunika kabla ya fyuzi ni moto unaosubiri. Betri ifungwe kama lilivyofungwa tangi, na pawe na njia ya hewa, kwani betri za risasi na asidi zikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

KUYATAKASA MAJI

Mtambo wa kutakasa una hatua nne, na mpangilio wake haubadiliki. Kwanza huja chujio la mchanga na kutu. La pili ni chujio la kaboni, ambalo huondoa klorini. Ukiliacha, klorini itauharibu utando wa hatua ya tatu. Utando huo ndio kiini cha kazi, nao huzuia sehemu kubwa ya chumvi huku maji yakisukumwa kwa nguvu. Mwisho huja chupa ya resini, ambayo hunasa chembe zilizobaki. Nunua kipimo kidogo cha chumvi zilizoyeyuka, kile cha kushika mkononi. Kikionyesha sifuri, au chini ya 10 kwa milioni, maji yanafaa. Kikianza kupanda, resini imechoka. Fundi anayepima kila asubuhi hazozani na mteja jioni.

Hapa Maskati kuna mambo mawili ambayo vitabu vya mitambo hii, vilivyoandikwa kwa nchi za baridi, havitilii mkazo.

La kwanza ni msukumo wa maji. Nyumba zetu hupata maji kutoka tangi lililo juu ya dari. Kila mita 10 za kimo huleta msukumo wa bar moja tu, na nyumba ya orofa mbili haifiki hata hapo. Utando wataka bar 3 au 4. Bila pampu ya kuongeza msukumo, maji safi yatatoka tone kwa tone na mengi yataishia kwenye mfereji.

La pili ni joto. Nani kati yetu asiyejua kwamba wakati wa kiangazi maji ya bomba la baridi huwa ya moto, na kwamba wengi huzima hita ili maji ya humo yapoe wapate kuoga? Utando wa kawaida huharibika ukipitishiwa maji yaliyozidi nyuzi 45 za joto. Kwa hiyo tengeneza maji usiku au alfajiri, na tangi liwe kivulini. Jambo jingine la afya ni kwamba maji ya vuguvugu yaliyolala, kati ya nyuzi 20 na 45, huweza kuzaa vijidudu vya lejionela. Vijidudu hivyo vikivutwa pamoja na manyunyu huleta homa kali ya mapafu. Usiache maji garini wiki nzima ya sikukuu. Yamwage, kausha, na kila baada ya muda safisha tangi kwa klorini, ukihakikisha haipiti kwenye utando wala resini.

Na joto si la maji peke yake. Sheria ya Oman yakataza kazi za nje kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kijana akiwa na gari lake mwenyewe asijione kwamba jua limemsamehe. Aanze alfajiri kwa madirisha ya magharibi, ambayo bado yamo kivulini, na ya mashariki ayasafishe jioni. Mwili utapona, na kioo pia hakitakausha maji kabla vumbi halijateremka.

MAJI YANAYOKATALIWA

Limebaki jambo moja, na wengi hulipita. Utando hauyatakasi maji yote. Kwa kila lita inayopita, lita moja hadi tatu hukataliwa na kwenda mferejini zikiwa na chumvi zaidi. Katika nchi ambayo maji yake hutolewa baharini kwa gharama kubwa, huo ni upotevu unaotia haya.

Tukumbuke tuko wapi. Nchi hii ilijengwa kwa mifereji ya falaj, ambayo maji yake hugawiwa watu kwa zamu na kwa saa, kila mwenye shamba akijua zamu yake. Mwaka 2006 mifereji mitano, pamoja na Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na sisi tuliotoka Unguja twajua kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, husifiwa hadi leo kwa kuwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Katika pande zote mbili za bahari yetu, mwenye kuleta maji hukumbukwa kwa heshima, na mwenye kuyamwaga ovyo hakumbukwi kwa lolote jema.

Maji hayo yaliyokataliwa si machafu, yamezidi chumvi tu. Yakusanye katika pipa jingine. Yanaosha gari, sakafu na vitambaa, na yanafaa chooni. Mtende huvumilia chumvi kuliko miti mingi, lakini mchicha na mboga za bustani usizipe.

JIBU LETU KWA MAMA WA MABELA

Bibi, usimwambie mwanao kwamba maji ni hatari. Vijana hawaogopi neno hilo. Mkalishe mezani kabla hajalijaza tangi, mpe kalamu, apige zile hesabu tatu kwa mkono wake mwenyewe: gari laruhusiwa kilo ngapi, brashi yahitaji lita ngapi, na breki ya ghafla yageuza kilo kuwa tani ngapi. Akizimaliza, atazifungua kamba zile mwenyewe. Lile tangi la viwandani, kwa kuwa hajui lilibeba dawa gani, asilitie hata maji ya kumwagilia mtende. Alirudishe alikolinunua, na fedha yake aianzie fremu.

Kazi aliyoichagua ni njema. Ina riziki, na inamwacha mtu amesimama juu ya ardhi. Twamtakia heri yeye na mjomba wake.

Yule mpwa wangu leo ni mtu mzima mwenye watoto. Bega lake la kushoto li chini kidogo kuliko la kulia, na mkewe humkatia kanzu kwa kulifuata. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila akija kunisalimu, kabla sijamwangalia uso huliangalia bega.

Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza namna ya kuandika hati ya makubaliano kati ya fundi na mteja, ili malipo yasicheleweshwe. Barua zenu twazipokea kama kawaida.